Pasi Iliyosuguliwa kwa Majivu

Paulina aliapa kwamba hatapandisha sauti mpaka Jumatatu. Aliapa kwenye simu, mumewe Geofrey akiwa upande wa pili huko Kahama na lori lake la saruji, akirudia neno lilelile kwa mara ya tatu kama vile anazungumza na mtoto wa chekechea.

"Mama ameshatoroka mara mbili, Paulina. Akitoroka na safari hii, macho yamekwenda."

"Nimesikia, baba Lydia."

"Jumatatu saa mbili asubuhi awe hospitali. Wewe mvumilie tu. Usimpe sababu ya kuondoka."

Mvumilie tu! Paulina alikata simu akaikodolea macho kana kwamba ndiyo iliyosema. Ni rahisi sana kumfundisha mwenzako uvumilivu ukiwa umekaa peke yako kwenye lori, redio inaimba, na mama yako yuko mikoa miwili kutoka hapo.

Mama mwenyewe, Bibi Paskazia, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limefunga kabisa. La kulia lilibakiwa na mwanga kidogo, wa kutosha kujua kama kumekucha na kama aliyesimama mlangoni ni mnene au mwembamba. Mara ya kwanza alipopangiwa upasuaji aliaga kwamba anakwenda chooni, akaonekana kesho yake kijijini kwake Chamwino akipepeta uwele. Mara ya pili alisema ameota ndoto mbaya, na ndoto ya mtu mzima nani ataibishia? Sasa daktari alikuwa amesema wazi kwamba kila wakichelewa, cha kuokoa kinapungua. Kwa hiyo Geofrey alimleta Jumanne nyumbani Chang'ombe, mjini Dodoma, akamkabidhi kwa mkewe kama mtu anavyokabidhi kuku aliyezoea kuruka uzio, kisha akawasha lori akaenda zake.

Paulina alikuwa mtengeneza nywele. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na kiti kimoja kirefu, kioo kimoja, na meza ya vifaa. Hiyo meza ndiyo iliyokuwa roho yake. Maana Paulina alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni usafi wa vifaa. Kila jioni vitana viliingia kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni, vikasuguliwa kwa mswaki mkuukuu jino baada ya jino, vikafutwa mpaka vikakauka, kwa sababu maji ya kisima cha mtaa ule yana chumvi, ukiacha kitana kikauke chenyewe kesho unakikuta na ukoko mweupe. Brashi zilichambuliwa nywele kwa ncha ya kitana cha mkia. Pasi ya nywele ilichomolewa kwenye umeme, ikasubiriwa ipoe ibaki na uvuguvugu, halafu ikafutwa kwa kitambaa laini chenye spiriti kidogo. Mashine ya kunyolea ilipigwa brashi, ikapewa matone mawili ya mafuta ya cherehani. Mawili, si matatu. Wateja walijua kwamba ukikaa kwenye kile kiti utapata nywele nzuri na mahubiri juu, na nyuma ya mgongo wake walimwita Daktari.

Kifaa kimoja tu ndicho kilichokuwa kimemshinda, draya ya kukaushia nywele. Tangu Pasaka ilikuwa ikipuliza dakika tano, inaanza kunuka kuungua, inazima. Paulina aliulaumu umeme. Aliulaumu kwa fundi, kwa wateja na kwa Mungu, akaishi na draya yake hivyohivyo.

Jumatano aliporudi kutoka sokoni Majengo alimkuta mama mkwe ameketi kwenye mkeka katikati ya chumba cha mbele, miguu ameinyoosha, na draya iko mapajani mwake imefunguliwa nyuma. Kifuniko kiko huku, wavu wa chuma uko kule, na kando yake kuna donge la uchafu mwekundu kubwa kama yai la kanga. Bibi alikuwa na mswaki mkononi.

Paulina alihisi damu inapanda. Akahesabu moja, mbili, tatu. Jumatatu, akajikumbusha.

"Mama, shikamoo. Hicho ni nini tena?"

"Marahaba, mama Lydia. Nilikisikia jana kinavyokoroma. Hakipumui."

"Hivi ni vitu vya umeme, mama. Havifunguliwi."

"Kilifunguka chenyewe nilipokizungusha."

"Havifunguliwi," Paulina alirudia, sauti ameibana mpaka ikatoka puani. Alikusanya vipande, akavirudishia, akaifunga draya ndani ya mfuko na kuisukumia chini kabisa ya kabati. Hakuijaribu. Alikuwa na hakika imekufa, na hakutaka kushuhudia maiti siku ambayo ameapa asipige kelele. Lile donge alilifagia bila hata kuliangalia.

Bibi Paskazia aligeuzia uso upande wa sauti yake. "Umekasirika?"

"Sijakasirika, mama."

"Haya," alisema Bibi, akakung'uta vumbi kwenye vidole vyake.

Alhamisi ilikuwa zamu ya vitana. Paulina alikuwa uani akianika nguo aliposikia harufu ya ajabu kutoka jikoni, harufu ya plastiki na mboga. Alipofunua sufuria kubwa alikuta vitana vyake vyote kumi na viwili vinachemka ndani ya maji yaliyotiwa magadi, yale magadi ambayo Bibi alikuja nayo kwa ajili ya mlenda. Vilikuwa vimejikunja kama maganda ya kunde yaliyoachwa juani. Kimoja kilikuwa kimeshikana na mwenzake, hakijulikani mkia wala meno.

"Nilitaka kuua wadudu," alisema mama mkwe kutoka kwenye kigoda.

"Mama, ni vya plastiki."

"Sisi zamani tulitumia vya mti. Vinachemshwa na havisemi kitu."

Paulina alitoka nje, akazunguka nyumba mara mbili, akaongea na mpapai. Aliuambia mpapai mambo ambayo hayafai kuandikwa kuhusu ukoo mzima wa Geofrey, kuanzia aliyeanzisha. Aliporudi alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyebanwa kidole na mlango mbele ya wageni.

"Umekasirika?" Bibi aliuliza.

"Hapana, mama."

"Mimi ningekuwa wewe ningekasirika."

"Sijakasirika!"

Bibi Paskazia alishusha pumzi. Paulina alipompigia Geofrey kumweleza, Geofrey alicheka. Alicheka, jamani! Akasema mama ndivyo alivyo, hawezi kukaa bila kazi, na vitana vinauzwa kila kona. Paulina alisema sawa. Ile sawa ilikuwa na miiba, lakini kwenye simu miiba haionekani.

Ijumaa Bibi akaingia kwenye mashine ya kunyolea. Kwa mashine ile Paulina hakuwa na masihara hata kidogo, kwa sababu ndiyo iliyonyoa wafiwa wa nusu ya mtaa. Kukianuliwa matanga, ndugu wa marehemu wanakuja kwake, na mfiwa hawezi kunyolewa na mashine inayong'ata. Alikuwa na mzee wa jirani aliyepangiwa saa kumi. Alipoiwasha ilinguruma kama pikipiki iliyokwama kwenye tope, meno yakasogea mara moja, yakaganda. Aliigeuza. Mafuta yalikuwa yakichuruzika mpaka kwenye waya, mafuta mazito ya rangi ya dhahabu yenye harufu ya maandazi. Alizeti! Chupa nzima ya mafuta ya kupikia ilikuwa imeshuka robo, na humo ndani mafuta, nywele na vumbi vilikuwa vimesongwa ugali.

"Mama, umeweka mafuta kwenye mashine?"

"Si ulisema inahitaji mafuta?"

"Matone mawili! Ya cherehani!"

"Mafuta ni mafuta," alisema Bibi Paskazia kwa upole. "Umekasirika sasa?"

Paulina alimwambia hapana, akamwomba radhi yule mzee, kisha akakaa hadi jua linazama anafuta alizeti kwa pamba na kijiti cha kiberiti. Moyoni alikuwa akihesabu. Jumamosi, Jumapili, halafu Jumatatu. Siku mbili na usiku tatu. Watu wamefunga kula kwa muda mrefu kuliko huo. Alichoomba ni kitu kimoja tu, kwamba Jumamosi ipite salama, kwa sababu Jumamosi alikuwa na bibi harusi.

Bibi harusi alikuwa Lulu, binti wa Mwanamvua, jirani wa nyumba ya tatu mwenye duka la vitambaa na mdomo usiojua kupumzika. Nikaha ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Lulu alitaka nywele zake mwenyewe, zilizonyooshwa, ziseme *shwaa* zikigeuzwa. Kwa kazi hiyo Paulina hakutegemea draya iliyokufa. Alitegemea pasi.

Asubuhi ya Jumamosi alitoka mara moja tu, kwenda dukani kutafuta vitana vipya. Hakumaliza hata nusu saa. Aliporudi alisikia kutoka kibarazani sauti ambayo kila mwanamke aliyelelewa kijijini anaijua, kwaru kwaru kwaru, sauti ya sufuria la ugali linasuguliwa masizi.

Bibi Paskazia alikuwa uani. Alikuwa amechutama mbele ya bakuli la majivu na mchanga, kipande cha kiroba kimelowa mkononi, na anasugua pasi ya nywele. Alisugua kwa nguvu zote, kwa ufundi wote wa mwanamke aliyeng'arisha masufuria miaka hamsini. Bamba la juu lilikuwa limeshabanduka ule weusi wake laini, limebaki na michirizi kama barabara ya vumbi baada ya ng'ombe kupita. La chini alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Maji ya majivu yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kishikio.

"Ilikuwa na masizi," alisema.

Na hapo kiapo kikakatika.

Paulina alipiga kelele mpaka njiwa wakaruka kwenye bati. Alisema kuhusu draya, kuhusu vitana, kuhusu alizeti. Alisema kwamba hii ndiyo kazi inayomlisha, kwamba bibi harusi yuko njiani, kwamba tangu Jumanne hajapata hata saa moja ya amani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alisema, na hili alilisema kwa sauti iliyofika barabarani, "Kama kukaa hapa kwangu kumekushinda, basi nenda! Nenda kwenu!"

Bibi Paskazia aliweka pasi chini. "Haya," alisema.

Alisimama, akaingia ndani, na kabla Paulina hajameza mate alikuwa ameshatoka na furushi lake la khanga kichwani na fimbo mkononi. Alipapasa ukuta mpaka getini, akafungua, akatoka. Hakulia, hakulalamika. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyepata ruhusa kazini.

Paulina alibaki uani akihema. Moyo ulimwambia mfuate. Hasira ikamwambia mwache aende, amezidi, mwanawe atajua mwenyewe. Wakati bado wanabishana humo kifuani, geti likagongwa, na Mwanamvua akaingia na Lulu, kichwa cha Lulu kimefungwa taulo, nywele zimeshaoshwa, zinachuruzika.

"Hodi hapa kwa Daktari! Mbona macho mekundu, mama Lydia? Harusi ni yangu, kulia nilie mimi."

"Karibuni," alisema Paulina kwa sauti iliyokauka. "Kaa hapo, Lulu."

Aliichomeka pasi ili ajiridhishe. Ilitoa cheche moja na moshi mdogo, ikanyamaza milele. Hakuwa na la kufanya. Alikwenda kabatini, akavuta mfuko kutoka chini kabisa, akaitoa draya, akaichomeka huku amegeuza uso pembeni kama mtu anayewasha fataki.

Draya ilivuma. Haikukoroma, haikukohoa. Ilivuma kwa upepo mkali wa moto ambao Paulina hakuwa ameusikia tangu siku ile alipoinunua, na kope za Lulu zikapepea. Dakika tano zikapita. Kumi. Hakuna harufu, hakuna kuzima. Kwa brashi ya duara na upepo ule, nywele za upande wa kulia zilinyooka zikateremka begani zenyewe.

"Umenunua mpya?" aliuliza Mwanamvua.

"Ni ileile."

"Ileile iliyokuwa inazima kila dakika tano?"

Paulina aliizima, akaigeuza nyuma. Wavu wa chuma uling'aa. Kila tundu lilikuwa wazi, hakuna hata uzi wa unywele uliobaki, wala tone la maji lililoingia mahali pasipotakiwa. Lile donge jekundu la Jumatano likamrudia kichwani, lile alilolifagia bila kuliangalia. Lilikuwa vumbi la Dodoma na nywele za wateja tangu draya iingie nyumba ile. Yeye Daktari, mhubiri wa usafi, hakuwahi kujua kwamba kile kifuniko cha nyuma kinazunguka kikafunguka. Kikongwe asiyeona ndiye aliyekijua, kwa masikio na vidole, siku ya kwanza tu.

Sasa mtu anayeweza kusafisha wavu ule kwa mswaki bila kuharibu kitu, huyohuyo anachemshaje vitana vya plastiki? Anamwagaje robo chupa ya alizeti kwenye mashine? Umekasirika? Mimi ningekuwa wewe ningekasirika. Umekasirika sasa? Na pale uani asubuhi... Paulina alijaribu kukumbuka vizuri. Bibi alikuwa amevaa viatu. Si kandambili za kushindia. Vile viatu vyake vya kufunga, vya kanisani na safarini. Nani anasugua masizi akiwa amevaa viatu vya safari? Na lile furushi lilikuwa tayari limefungwa.

"Mungu wangu," alisema Paulina. "Bibi huyu!"

Alimkabidhi Mwanamvua draya. "Kausha upande wa pili. Usiisogeze sana karibu, tembeza. Nakuja."

"Unakwenda wapi? Mwanangu ataolewa na nusu kichwa?"

Lakini Paulina alikuwa ameshafika getini, brashi ya duara bado iko mkononi.

Alimkuta kituoni, pale ambapo magari ya Chamwino yanasimama, ameketi juu ya jiwe kando ya mama muuza karanga, furushi mapajani, anasubiri. Paulina alisimama mbele yake, anatweta. Alikuwa amekasirika upya, tena kuliko asubuhi, ila hasira hii ilikuwa imegeuka sura hata mwenyewe hakuijua.

"Yameshapita mawili matupu," alisema muuza karanga bila kuulizwa. "Kila moja bibi anasema hili halimfai."

Bibi Paskazia aliinua uso. "Ni wewe, mama Lydia? Si umenifukuza?"

"Ulitaka nikufukuze."

Bibi alilivuta furushi karibu na tumbo.

"Tangu Alhamisi ulikuwa unatafuta nikufukuze. Ukirudi kijijini umetoroka watasema Paskazia mwoga, hii ya tatu. Ukirudi umefukuzwa na mkamwana, hakuna atakayekuuliza habari za macho. Watakupikia, watakuhurumia, na mimi nitatukanwa mpaka nife. Ndivyo au sivyo?"

Gari likaja, likapiga honi, likaondoka.

"Draya nilitaka kukusaidia kweli," alisema Bibi hatimaye. "Hivyo vingine nilikuwa naona siku zinakwisha."

"Pasi, mama! Pasi ya nywele na majivu!"

"Ulikuwa mgumu kukasirika. Sikujua una moyo mkubwa namna hiyo."

Paulina alitaka kucheka na alitaka kumrushia brashi. Badala yake alikaa kwenye ukingo wa jiwe, na Bibi akasogea kumpa nafasi. Kisha Bibi akasema kwa sauti ndogo, ambayo Paulina hakuwahi kuisikia kutoka kwake miaka yote kumi na minne ya ndoa, "Naogopa. Hili la kulia linaona mwanga kidogo. Asubuhi najua ni asubuhi. Wakikosea, hata hicho kidogo kinaondoka, nabaki gizani moja kwa moja. Kidogo hicho ni changu."

"Hawaligusi la kulia."

"Nani kasema?"

"Daktari. Wanaanza na la kushoto, lililofunga. Hilo halina cha kupoteza. La kulia ni baadaye, ukishaona mwenyewe na ukikubali. Hakukwambia?"

Bibi Paskazia alifikiri. "Labda alisema. Mimi nilikuwa nasikiliza mlango uko upande gani."

Sasa Paulina alicheka, na macho yakamjaa machozi, na hilo nalo likamkera. Alisimama akachukua furushi.

"Nisikilize, mama. Nimekukasirikia. Nitakukasirikia mpaka Krismasi. Lakini sikufukuzi. Hata ukiitwanga draya kwenye kinu ukaipepeta, Jumatatu tunakwenda. Umesikia? Sasa twende, nina bibi harusi mwenye nusu kichwa."

Bibi alisita kidogo tu. Kisha akanyoosha mkono, akaushika ule wa mkwewe.

Lulu aliolewa nywele zake zikisema *shwaa*. Mwanamvua alisimulia mtaa mzima kwamba binti yake alikaushwa na mama mzazi mwenyewe huku Daktari anakimbizana na mkwewe barabarani, na kila alipoisimulia Paulina alikuwa anakimbia kwa kasi zaidi. Jumapili Bibi Paskazia hakugusa kitu. Alikaa na mikono mapajani. Usiku Paulina alimsikia akigeuka kitandani mpaka alfajiri, naye akabaki macho upande wa pili wa ukuta, anasikiliza kama mlango utalia. Haukulia.

Jumatatu saa mbili kasorobo walikuwa hospitali. Bibi alipoitwa jina alimshika Paulina kiganja mpaka mifupa ikauma, halafu akakiachia.

Jumatano waliporudi nyumbani bandeji ilikuwa imeshatolewa. Hospitali yenyewe Bibi hakusema mengi. Alitazama vidole vya daktari, akavihesabu, akauliza kama anaweza kwenda. Njiani aliangalia dirishani, mdomo uko wazi kidogo. Lakini walipoingia chumba cha mbele hakwenda kulala kama alivyoambiwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya vifaa.

Aliinua pasi ya nywele, ambayo Paulina alikuwa hajapata moyo wa kuitupa. Aliileta karibu na jicho la kushoto, akaizungushia kwenye mwanga wa dirisha, akaifuata michirizi kwa ukucha, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho.

"Niliharibu sana," alisema.

"Sana, mama."

"Na ungenifukuza kweli, nisingeiona."

Bibi Paskazia aliirudisha pasi mezani taratibu, kisha akamgeukia, akamtazama usoni muda mrefu, kwa jicho moja jekundu lenye machozi ya dawa, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa njiani miaka mingi. Alinyoosha mkono akagusa nywele za mbele za Paulina, pale juu ya paji la uso.

"Hapa pamekatika. Unatengeneza watu wote wa mjini, wewe anakutengeneza nani?"

"Hakuna, mama. Sina nafasi."

"Kaa chini."

"Mama, umeambiwa ukapumzike."

"Kaa." Tayari alikuwa ameshachukua brashi ya duara. Aliiinua kwenye mwanga, akakunja uso, akaipeleka karibu zaidi na jicho. "Na hii brashi nani kaisafisha?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jumapili jioni."

"Chafu," alisema Bibi Paskazia. Akachomoa unywele mmoja kutoka katikati kabisa ya meno, akaunyanyua juu ili mkwewe auone vizuri. "Bakuli la majivu liko wapi?"

Jumatatu ilikuwa imeshapita, na kiapo kilikuwa kimekwisha muda wake. Paulina alivuta pumzi mpaka mbavu zikatanuka, akapiga kelele iliyowarusha njiwa wote kwenye bati. Nyumba ya tatu Mwanamvua aliacha kukata kitambaa akasikiliza, na alichokisikia baada ya hapo ni bibi mzee anacheka.